Maria Orosa: Mkemia Aliyetetea Vyakula vya Kwao

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya lugha, mavazi na mila, lakini ni nadra kusikika yanapozungumziwa mambo ya jikoni. Hata hivyo, utumwa wa mtu aliyeacha asili huanza pia katika sahani yake. Taifa likishaanza kuona haya kwa kile linacholima, kuvua na kutwanga lenyewe, litalazimika kununua chakula kwa wengine, na siku ya dhiki litalala njaa huku mashamba yakiwa yamelizunguka. Mwanamke aliyeuelewa ukweli huu na kuufanyia kazi maisha yake yote ni Maria Ylagan Orosa, mkemia wa vyakula wa Ufilipino aliyefariki mwaka wa 1945.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Karibu kila eneo lina siki yake, chumvi yake, mchele wake na namna yake ya kuhifadhi samaki. Miongoni mwa amali hizi, kadhaa zimekuwa adimu na nyingine zinakaribia kutoweka. Maisha ya Orosa yanafaa kusomwa upya kwa sababu yanajibu swali ambalo bado linazisumbua nchi nyingi: je, sayansi ni rafiki au adui wa vyakula vya asili?

Kuzaliwa na Mazingira

Maria Orosa alizaliwa tarehe 29 Novemba katika mji wa Taal, mkoani Batangas, kusini mwa Manila. Kuhusu mwaka, baadhi ya kumbukumbu hutaja 1892 na nyingine 1893. Wazazi wake walikuwa Simplicio Orosa na Juliana Ylagan, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya wanane.

Mkoa aliozaliwa ulikuwa na mambo mawili yanayoeleza vyema jinsi chakula cha asili kinavyoweza kustawi na kuangamia. La kwanza ni kahawa. Katika miaka ya 1880, mji wa Lipa, ulio katika mkoa huohuo, ulikuwa umetajirika kwa kuuza kahawa ng'ambo. Kuanzia mwaka wa 1889, ugonjwa wa kutu ya majani uliivamia mikahawa na kuiangamiza, na utajiri ule ukatoweka katika muda wa miaka michache. Hivyo, Maria alizaliwa katika mkoa uliokuwa umetoka kupoteza zao lake kuu. Kahawa ya barako, ambayo ndiyo fahari ya Batangas, imebaki hadi leo, lakini hulimwa kwa kiasi kidogo mno ikilinganishwa na zama zile.

La pili ni tawilis, samaki mdogo wa ziwa la Taal. Huyu ni wa jamii ya sadini, na ndiye pekee wa jamii yake anayejulikana kuishi maisha yake yote katika maji baridi. Hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Enzi za utoto wa Maria alikuwa kitoweo cha kawaida cha wakazi wa kandokando ya ziwa. Mnamo 2019 wataalamu wa kimataifa wa uhifadhi walimtangaza kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia, kutokana na uvuvi wa kupita kiasi, uchafuzi wa maji na samaki wageni walioingizwa ziwani.

Utoto wa Maria ulikuwa pia utoto wa vita. Mapinduzi dhidi ya Wahispania yalilipuka mwaka wa 1896. Mwaka wa 1898 Marekani iliichukua nchi, na mwaka uliofuata Wafilipino wakaingia vitani dhidi ya mtawala huyo mpya. Batangas ilikuwa ngome ya upinzani. Kati ya mwisho wa 1901 na mwanzo wa 1902, jeshi la Marekani liliwakusanya raia wa mkoa huo katika maeneo maalumu, na chakula kilichobaki nje ya maeneo hayo kikaharibiwa ili wapiganaji wasipate riziki. Maria alikuwa hajatimiza umri wa miaka 10. Mkoa wake ulionja mapema somo kwamba anayemiliki chakula cha watu humiliki pia hatima yao.

Masomo ya Ng'ambo

Mwaka wa 1916 Maria alisafiri hadi Seattle, Marekani, na kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington. Huko alisomea kemia ya dawa na kemia ya vyakula, akapata shahada ya kwanza na baadaye ya uzamili. Maisha hayakuwa mteremko. Ili kujikimu, nyakati za likizo ya kiangazi alifanya kazi katika viwanda vya samaki vya Alaska, kama walivyofanya Wafilipino wengi wa wakati huo. Alishika pia kazi ya kupima vyakula katika maabara ya chuo ili kuhakikisha kwamba vilitimiza masharti ya sheria.

Kazi hizi mbili zilimfunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Katika viwanda vya Alaska aliona jinsi samaki anayeoza kwa siku moja anavyoweza kutiwa katika mkebe na kuliwa baada ya miaka miwili, maelfu ya maili kutoka alikovuliwa. Katika maabara alijifunza kwamba chakula kina siri zisizoonekana kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi.

Alipohitimu, alipewa nafasi ya kuwa msaidizi wa mkemia wa jimbo la Washington. Kwa mwanamke wa Asia katika Marekani ya miaka ile, hiyo ilikuwa heshima kubwa. Aliiacha. Mwaka wa 1922 alirejea Ufilipino.

Hali Aliyoikuta Nyumbani

Tangu mwaka wa 1909 bidhaa nyingi za Marekani ziliingia Ufilipino bila kutozwa ushuru. Maduka ya Manila yalijaa samaki wa mikebe, maziwa ya mikebe na matunda ya mikebe. Shule zilifundisha upishi kwa kufuata vitabu vya Kimarekani, na mama aliyeweza kuwaandalia wageni chakula cha mkebe alionekana kuwa amestaarabika. Wakati huohuo maembe yalioza chini ya miti msimu ulipofika, na ndizi zikakosa wanunuzi.

Ilikuwa ajabu ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, kwa maana Wafilipino hawakuwa wageni wa elimu ya kuhifadhi chakula. Walikuwa na siki ya tembo la mnazi na ya mnipa. Walikuwa na mapishi ya adobo, ambapo siki huifanya nyama idumu bila kuharibika. Walikuwa na samaki wa kukaushwa na wa kuchachushwa kwa chumvi. Walikuwa na atsara, yaani mapapai mabichi yaliyotiwa siki, na neno hili lina asili moja na achari ya Kiswahili. Elimu ilikuwepo, ila ilikuwa imekosa heshima.

Orosa alifundisha kwa muda katika chuo cha Centro Escolar jijini Manila, kisha akahamia Idara ya Sayansi ya serikali. Baadaye aliongoza kitengo cha kuhifadhi vyakula, na hatimaye kitengo cha matumizi ya mimea katika Idara ya Mimea. Ni katika maabara hizi alikofanya kazi iliyompatia sifa.

Wishwa na Ugonjwa wa Beriberi

Kazi yake ya kina zaidi ilihusu kitu kinachodharauliwa kuliko vyote jikoni: wishwa. Mchele unapotwangwa kwa kinu na mchi, sehemu ya utando wa ndani wa punje hubaki. Mashine za kukoboa zilipoenea, mchele ulitoka mweupe pe, nao utando huo, ambao kwa Kitagalogi huitwa darak, ukawa chakula cha nguruwe na kuku.

Mchele mweupe ulikuwa mtamu na wa kupendeza, lakini uliwaua watu. Ugonjwa wa beriberi, unaodhoofisha miguu, kuvuruga moyo na kuua watoto wachanga wanyonyeshwao na mama wenye upungufu, ulienea miongoni mwa walaji wa mchele uliokobolewa. Katika miaka ya 1910, daktari wa jeshi Edward Vedder na mkemia Robert Williams walifanya utafiti jijini Manila na kuonyesha kwamba dondoo la wishwa liliwatibu wagonjwa. Williams alikuwa mwajiriwa wa Idara ileile ya Sayansi ambamo Orosa angekuja kufanya kazi. Kilichokosekana katika mchele mweupe ni kirutubishi ambacho leo huitwa vitamini B1, na Williams mwenyewe alifanikiwa kukiunda kwa njia ya kemia mwaka wa 1936.

Orosa alilitazama jambo hili kwa jicho la mpishi na la mkemia kwa pamoja. Iwapo dawa imo katika wishwa, na wishwa umejaa katika kila kinu, kwa nini maskini asubiri chupa kutoka dukani? Tatizo lilikuwa kwamba wishwa huvunda upesi, una ladha isiyovutia, na hakuna mzazi aliyetaka kumlisha mwanawe chakula cha nguruwe. Kwa hiyo aliutengeneza kuwa unga na biskuti ambazo mtoto angeweza kuzila kwa hamu. Kitu kilichokuwa kimetupwa kikarudi mezani kikiwa na heshima mpya.

Hapa ndipo ilipo falsafa ya kazi yake. Alipoona upungufu mwilini mwa watu, alianza kwa kuuliza ni kitu gani walichokuwa wakila zamani na kwa nini walikiacha. Maabara kwake ilikuwa njia ya kumrudisha mwenye mali kwenye mali yake.

Ndizi, Kalamansi na Soya

Kwa mtazamo huohuo alizikabili amali nyingine za nchi. Kwa kuwa nyanya hazikustawi vyema katika joto la visiwa vile na sosi yake ililetwa kutoka ng'ambo, alitengeneza sosi ya ndizi kwa kutumia ndizi ya saba, ndizi fupi nene ya kupikwa inayopatikana kote nchini. Kalamansi, ndimu ndogo ya Kifilipino yenye harufu ya kipekee, aliikausha na kuisaga ikawa unga wa kutengenezea kinywaji. Soya aliigeuza kuwa kinywaji cha unga chenye protini nyingi, akakiita Soyalac. Alitengeneza unga wa ndizi na wa muhogo ili kupunguza utegemezi wa ngano, ambayo hailimwi Ufilipino. Akafundisha namna ya kuhifadhi mapishi ya kienyeji kama adobo na kilawin. Mapishi aliyoyabuni au kuyaboresha huhesabiwa kuwa zaidi ya 700.

Kwa familia zisizo na umeme wala jiko la kisasa, alibuni tanuri lililotokana na palayok, yaani chungu cha udongo ambacho kila nyumba ilikuwa nacho. Hakumtaka mwanakijiji anunue kifaa kipya ili apate kuoka. Alikichukua kile alichonacho na kukiongezea kazi.

Aidha, hakuridhika na ugunduzi wa kukaa kabatini. Kuanzia mwaka wa 1923 alishiriki kuanzisha vyama vya maendeleo vya vijijini. Wanachama wake walitajwa kupita 22,000 mnamo 1924. Yeye na wanawake aliowafunza walikwenda vijijini kufundisha ufugaji wa kuku, uhifadhi wa matunda na upangaji wa mlo kamili. Ni dhahiri kwamba Orosa alielewa jambo ambalo watafiti wengi husahau: kiungo cha chakula hakiishi katika ripoti. Huishi mikononi mwa wanaokiandaa, na mikono hiyo ikiacha kazi, kiungo hufa hata kama mmea wake bado umesimama shambani.

Vita na Kifo

Majeshi ya Japani yaliiteka Manila mwanzoni mwa Januari 1942. Meli za mizigo kutoka Marekani zikakoma, na ile mikebe iliyokuwa alama ya ustaarabu ikatoweka madukani. Sasa nchi nzima ilijikuta mahali ambapo Orosa alikuwa amehofia kwa miaka 20: haina budi kuishi kwa kile inachokitoa yenyewe.

Orosa alijiunga na kikosi cha wapiganaji wa msituni kilichojulikana kwa jina la kiongozi wake, Marking, akapewa cheo cha kapteni. Silaha yake ilikuwa chakula. Unga wa Soyalac na wa wishwa ulipenyezwa kwa siri hadi kwa wafungwa, ukiwemo umati wa raia wa kigeni waliozuiliwa katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas. Husimuliwa kwamba mafundi seremala walioruhusiwa kuingia kambini waliuficha ndani ya mianzi yenye uwazi. Beriberi, ugonjwa uleule wa mchele mweupe, ulikuwa ukiwanyemelea wafungwa hao, na kile kilichodharauliwa kuwa chakula cha nguruwe kikawa tofauti kati ya uhai na kifo.

Mapigano ya kuikomboa Manila yalianza tarehe 3 Februari 1945. Jamaa na marafiki walimsihi Orosa aondoke jijini, naye akakataa, akishikilia kuwa mahali pake ni kazini. Tarehe 13 Februari alijeruhiwa na kipande cha kombora akiwa ofisini pake. Alikimbizwa katika hospitali ya muda ya Remedios, mtaani Malate. Siku hiyohiyo kombora jingine liliiangukia hospitali, na kipande chake kikampiga moyoni. Alikuwa na umri wa takriban miaka 52. Katika mwezi ule mmoja raia wapatao 100,000 walipoteza maisha jijini, naye akazikwa pamoja na wengine katika uwanja wa hospitali. Jiwe la kaburi lenye jina lake lilikuja kugunduliwa mwaka wa 2020, miaka 75 baadaye.

Urithi na Funzo Lake

Ufilipino haikumsahau. Barabara moja jijini Manila ina jina lake, na mwaka wa 1970 mpwa wake, Helen Orosa del Rosario, alichapisha kitabu kuhusu maisha na mapishi yake. Hata hivyo, urithi wake umekumbana na mambo ambayo huenda yangemhuzunisha. Sosi ya ndizi ilianza kutengenezwa kiwandani miaka ya vita na sasa imo katika kila mkahawa, lakini hutiwa rangi nyekundu ifanane na ya nyanya, na watoto wengi huila bila kujua kwamba ni ndizi. Kitu cha asili kimeshinda sokoni kwa kuvaa sura ya mgeni.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa chumvi. Katika kisiwa cha Bohol kuna chumvi iitwayo asin tibuok. Makumbi ya nazi hulowekwa katika maji ya bahari kwa miezi kadhaa, hukaushwa na kuchomwa polepole hadi yawe majivu, kisha maji ya bahari huchujwa kupitia majivu hayo. Maji hayo hupikwa ndani ya vyungu vya udongo mpaka chumvi igande ikawa tufe gumu kama yai kubwa, na chungu chenyewe hupasuka. Mwaka wa 1995 ilipitishwa sheria iliyotaka chumvi yote ya kuliwa itiwe madini ya iodini ili kupambana na upungufu wake. Nia ilikuwa njema, na ugonjwa uliolengwa ulikuwa wa kweli. Lakini mafundi wadogo hawakuweza kutimiza masharti, wengi wakaacha kazi, na idadi ya familia zilizobaki na ujuzi huo ikawa ya kuhesabika kwa vidole. Ilichukua takriban miaka 30 kabla ya sheria mpya ya 2024 kulegeza kamba kwa wazalishaji wa chumvi za asili.

Ukiiweka habari ya chumvi kando ya ile ya wishwa, funzo la maisha ya Orosa linajitokeza waziwazi. Katika hali zote mbili mwili wa mwananchi ulipungukiwa na kirutubishi, na sayansi ikaitwa kutoa jibu. Mara moja sayansi ilimsukuma kando fundi wa kienyeji, na mara nyingine ilimpiga jeki. Tofauti haikutokana na ugumu wa kemia. Ilitokana na swali lililoulizwa kwanza. Watunga sheria waliuliza ni kitu gani kiongezwe, ilhali Orosa aliuliza ni kitu gani kilichopotezwa.

Swali hilo linawahusu hata wanaoshughulikia lugha. Mnazi na mgomba viliingia pwani ya Afrika Mashariki vikitokea upande huo wa Bahari ya Hindi, na pamoja navyo likaja kundi zima la kazi na maneno. Mahali ambapo mpunga hautwangwi tena, neno wishwa hubakia kamusini tu, na kijana hulisoma kama asomaye jina la mfalme wa kale. Neno hufa kwa namna ileile kinavyokufa kiungo: kwa kukosa mikono. Maria Orosa hakuwa mwanaisimu, lakini kila mara alipokichukua kitu kilichotupwa na kukirudisha jikoni, alilirudisha pia jina lake vinywani mwa watu. Chanda chema huvikwa pete, na pete anayostahili ni kwamba kile alichokitetea kiendelee kuliwa.